Nilikata Kimya cha Mama Mdogo

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kama barua hii itafaa gazetini naomba uichape kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi, kwa sababu siku hiyo mama mdogo wangu atasimama mbele ya ndugu zake kuomba msamaha kwa maneno ambayo hakuyasema hivyo, na mtu pekee anayejua ni mimi, na mimi ndiye niliyeyatengeneza.

Nimemaliza sekondari mwaka huu na bado nasubiri matokeo. Mimi ni mwoga wa watu, shuleni mwalimu akinisimamisha sauti ilikuwa inakwenda likizo, na nyumbani wananitania kwamba siku nikiibiwa nitamwandikia mwizi barua. Naishi na mama yangu na mdogo wake, ambaye anapiga pasi kwenye dobi kubwa linalofua mashuka ya hoteli. Mimi nilipewa jina la Bibi, mama yao, kwa hiyo mama mdogo ananiita "mama" tangu nikiwa mchanga, hata akinigombeza, "mama, hivi sufuria hii umeiosha au umeitishia maji tu?"

Mtaani kwetu kuna kaka mmoja aliyewahi kutangaza redioni, watu wanamwita Profesa ingawa chuo kikuu alifika siku moja tu, kumsindikiza dada yake. Stoo ya nyuma ya duka lake la fotokopi ameigeuza studio, ameegemeza magodoro ukutani, na humo anarekodi podikasti, anakaa na mtu mmoja muda mrefu wanazungumza maana ya maisha, kwa nini tunateseka, kama kusamehe kupo kweli au ni kuchoka tu. Amewahi kumhoji mzamiaji anayetoa miili ya waliozama, na mama aliyefungwa kwa kosa la mtu mwingine, akatoka gerezani na kitu cha kwanza akaenda kumjulia hali mtu huyo. Nilikuwa nasikiliza nikiosha vyombo mpaka maji yanafurika sinki na mimi nimesimama na sahani mkononi, nikijisemea kumbe kuna watu wanaongea hivi, kumbe maswali niliyonayo mimi si ugonjwa.

Kwa hiyo nilipomaliza shule na Profesa akatafuta mtu wa kumsaidia, nilienda. Kazi yenyewe haihitaji kuongea. Nasafisha sauti. Kwenye kompyuta maneno yanaonekana kama vilima na kimya kinaonekana kama mstari ulionyooka, nami nakata vikohozi, nakata "eeh" na "yaani", nakata viti vinavyolia, na nakata kimya, maana Profesa ana kanuni kwamba kimya kisizidi pumzi moja, la sivyo msikilizaji atadhani simu yake imezimika. Nikawa hodari. Alianza kuniita Fundi, na mimi ambaye sijawahi kuitwa kitu chochote cha maana nilikuwa natembea barabarani nikijirudia jina hilo kimoyomoyo.

Kisa chenyewe kilianza siku mgeni mmoja alipoghairi na Profesa akaniuliza kwa utani kama kwetu hakuna mtu mwenye maisha. Nikamtaja mama mdogo. Yeye ndiye aliyemuuguza Bibi baada ya kiharusi, tangu mimi sijaanza darasa la kwanza mpaka Bibi anafariki nikiwa naingia sekondari, aliacha mafunzo ya ualimu ili amuuguze. Alikuja studio amevaa gauni la harusini, akakaa mbele ya kipaza sauti kama anayesubiri kudungwa sindano, na mshauri naona aibu kukuandikia hili, lakini nilimwonea aibu. Profesa akimuuliza mateso yamemfundisha nini, yeye anaeleza jinsi ya kumgeuza mgonjwa asipate vidonda. Akaulizwa maisha ni nini, akaomba maji ya kunywa. Mimi nilikuwa nyuma na vipokea sauti masikioni, uso unanichoma, nikiomba aseme jambo moja tu zito kama wale wageni wengine.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Mama mdogo alimaliza kueleza habari za Bibi, alivyomwosha, alivyomlisha kwa kijiko, alivyojifunza kumwelewa maneno yakiwa hayatoki. Profesa akamuuliza kama katika miaka hiyo alikuwa na mtu, yaani mapenzi, na wakati anauliza lori la maji likapita nje likipiga honi, nusu ya swali ikazama. Mama mdogo akanyamaza. Alinyamaza sana, kiti kikalia, akavuta kamasi, Profesa akamwambia kama ni zito waliache, akanyamaza tena, halafu akasema, "Alinichelewesha. Kila mwaka nasema mwaka huu yataisha, hayaishi. Alipoondoka, nilipumua."

Alikuwa anamsema mchumba wake, dereva wa malori ya masafa marefu aliyeahirisha ndoa mwaka hadi mwaka mpaka akaenda kuoa kwingine. Nyumbani habari hiyo haizungumzwi, wajomba wanaamini ni yeye aliyemkataa. Mimi nilipokuja kusafisha niliona honi, kiti, kamasi na kimya, nikaona yote takataka, nikakata kuanzia mwisho wa habari za Bibi mpaka mwanzo wa "Alinichelewesha", nikaunganisha. Na mshauri, kwa lugha yetu "a" ni mtu yeyote. Mwanamume, mwanamke, mchumba, mama mzazi, wote wanaondoka kwa "a" hiyo hiyo moja.

Ningeweza kukuambia kwamba sikugundua, na ndivyo nilivyopanga kuandika nilipoanza barua hii. Lakini niligundua. Nilirudisha nyuma nikasikiliza, na nywele zikanisimama, maana pale alipokuwa mwanamke anayeeleza habari za vidonda sasa alikuwa mtoto anayekiri kwamba kifo cha mama yake kilimpa pumzi. Nikafikiri, huu ndio ule ukweli mzito. Nikafikiri, hatimaye na sisi kwetu yupo mtu. Kiungo hakikusikika hata kidogo, nikajiona fundi kweli, nikaacha hivyo hivyo.

Profesa alipokisikiliza kipindi alinipigia simu akasema hakumbuki mama mdogo alivyolisema lile, ila alilisema vizuri. Alikata kipande hicho kifupi akakitanguliza mtandaoni, kikasambaa. Watu wakaanza kuandika. Mama mmoja aliandika kwamba mama yake mzazi alipofariki alijisikia mwepesi, akajichukia miaka yote hiyo, na sasa aliposikia sauti ya mpiga pasi yule alilala bila kujilaumu. Niliusoma ujumbe huo nikaenda kujifungia chooni. Nilijaribu kumdokeza Profesa kwamba huenda nilikata vibaya, akaniambia nisijishushe, kazi ya mhariri ni kumsaidia mtu aseme alichotaka kusema chini kabisa ya moyo wake. Nikanyamaza, kwa sababu nilitaka iwe hivyo.

Halafu mjomba wangu mkubwa, ambaye ana gereji, alichezewa kile kipande na mafundi wake. Alikuja nyumbani, hakutaka kuketi. Alisimama mlangoni na mikono yake ina grisi, akamuuliza mama mdogo kama ni kweli mama yao alikuwa mzigo kiasi hicho, na kama ulikuwa mzigo kwa nini hakusema wakagawana. Mama mdogo alisema hajui anazungumzia nini. Mjomba akatoa simu akambonyezea. Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kitasa cha mlango.

"Hiyo ni sauti yangu," akasema.

"Najua ni sauti yako. Nakuuliza maneno."

Mjomba alisema tutaongea Jumapili ya mwisho wa mwezi, wakiwepo wote, akaondoka bila kuaga, na mama yangu tangu siku hiyo anampa mdogo wake chakula bila kumwangalia usoni.

Jioni ile tulikuwa tunaosha vyombo, mimi nasuuza, yeye anafuta. Akaniambia polepole, "Mama, wewe ulikuwepo. Hivi nilisema hivyo kweli?"

Mshauri, ilikuwa sentensi moja tu. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikasema, "Sijui, mama mdogo, mazungumzo yalikuwa marefu."

Alifuta sahani ile ile mpaka ikakauka na bado akaendelea kuifuta. Akasema basi atakuwa alisema, mtu akiulizwa mambo mazito anatoa ya chini kabisa, na yeye hakujua kama chini yake kuna kitu kama hicho. Kesho yake akaitoa picha ya Bibi chumbani kwake akaihamishia sebuleni, anasema hastahili kulala nayo, na kwamba Jumapili hiyo atawaomba ndugu zake msamaha. Kazini amekosa umakini, ameunguza shuka, jambo ambalo halijawahi kumtokea tangu aajiriwe. Anajiuliza kwa sauti kama kweli alimpenda mama yake. Anafanya mwenyewe yale mazungumzo mazito niliyotamani ayafanye, na nikiyasikia natamani ardhi inimeze.

Rekodi nzima ninayo, sijaifuta, naweza kuionyesha hata leo. Lakini nikiionyesha, wajomba watauliza basi alikuwa anamsema nani, na siri ya mchumba itamwagika mbele ya ukoo mzima. Na yule mama aliyeandika nitamwambia nini, kwamba faraja yake ni kazi ya mkasi? Na kazi nayo nitaikosa, na ndiyo kazi pekee duniani ninayoiweza. Nimefikiria pia kwamba labda Profesa ana haki, labda mkasi uligusa ukweli wa ndani ambao mama mdogo mwenyewe alikuwa haujui, maana mbona hakukataa? Nimezunguka na swali hilo mpaka nimechoka. Niambie nifanye nini, na tafadhali usiniambie nikazungumze tu, kwa sababu kuzungumza ndicho kitu nisichokiweza.

Ni mimi, Fundi asiyestahili jina.

JIBU LA MSHAURI

Mwanangu,

Nakuambia ukazungumze. Samahani, hakuna njia nyingine, na hata kama ingekuwepo nisingekupa.

Nianze na lile dogo ili tuliondoe mezani. Ulipokata honi na kiti na kamasi ulikuwa unafanya kazi uliyofundishwa, na mtu yeyote mwenye haraka angeweza kuunganisha vile. Hilo ni bahati mbaya, sikugombezi kwa hilo. Uliposikiliza ukajua, ukaacha kwa sababu limependeza, hapo ulikosa, na wewe mwenyewe umelisema kabla yangu, nami nakuheshimu kwa hilo maana wengi wanaoniandikia huniachia mimi kazi ya kulitafuta. Lakini uliposimama kwenye sinki, mwanamke aliyekulea akakuuliza wewe, si mwingine, kama ndivyo alivyosema, ukamjibu "sijui"! Hapo niliweka barua yako chini nikainuka nikaenda kuchemsha chai, maana nilikuwa nataka kukuandikia maneno ambayo mhariri wangu asingeyachapa.

Sasa ukweli wa ndani. Usiniletee mimi ukweli wa ndani. Mimi nilimuuguza baba yangu, na alipofariki nilipumua, na nililia, na nililala, na nikaamka nikamtafuta. Inawezekana mama mdogo wako naye alipumua kwa Bibi yako. Inawezekana hakupumua. Hilo ni lake. Alitegemea kwamba likimtoka litamtoka kwa hiari yake, mbele ya mtu aliyemchagua. Unauliza mbona hakukataa. Hakukataa kwa sababu aliisikia sauti yake mwenyewe, na watu waungwana wakisikia sauti yao huamini kwanza kwamba wamekosa. Ulichukua uungwana wake ukaugeuza ushahidi. Na huyo Profesa wenu anayesaidia watu waseme walichotaka kusema, mwambie kuna njia rahisi zaidi ya kujua: awaulize.

Umejificha nyuma ya siri ya mchumba kana kwamba unailinda. Huilindi. Sasa hivi mama mdogo wako ana siri ile ile aliyokuwa nayo, pamoja na dhambi uliyomwongezea. Na nani alikuambia ni wewe utakayeamua kipi kijulikane? Ushamwamulia mara moja, imetosha.

Fanya hivi, na usisubiri Jumapili. Leo akitoka dobi mpokee mkoba, mpe maji, akae. Usimfanyie utangulizi wa maana ya maisha. Mwambie, "Mama mdogo, hukusema hivyo. Ni mimi niliyekata. Nilijua, na ulipouliza nilikudanganya." Halafu mvishe vipokea sauti umsikilizishe pale pale, kuanzia habari za Bibi, honi, kiti, mpaka mwisho wa maneno yake. Kimya chake usikiruke. Akae ndani yake muda wote aliokaa siku ile.

Kisha muulize yeye anataka nini kisemwe Jumapili. Kwa wajomba inatosha kusema, "Sikuwa namsema mama yetu," bila kumtaja dereva yeyote wa malori. Mjomba wako akitaka kujua zaidi, huyo si polisi. Na wewe utakuwepo, utasimama, utasema kwamba kukata kulikuwa kwako na kwamba ulijua. Sauti ikienda likizo, isubiri irudi. Hakuna aliyewahi kufa kwa kusubiriwa aongee, na wewe mwenye mazoea ya kufuta kimya cha watu itakufaa kukaa katika chako huku ukoo mzima unakuangalia. Mjomba anaweza kukupandishia. Mama yako anaweza kukuangalia vibaya. Utavumilia, kwa kuwa mama mdogo wako anayavumilia hayo sasa hivi na hana kosa.

Kipindi na kile kipande viondolewe mtandaoni. Mwambie Profesa mgeni wake amedai hivyo, hiyo ni haki yake. Kisha aweke maelezo mafupi kwamba maneno yaliunganishwa vibaya studio. Akikufukuza, umefukuzwa. Nina shaka kama atakufukuza, lakini sitakuahidi kitu nisichokijua.

Yule mama aliyelala bila kujilaumu mwandikie kwa heshima. Mweleze ilivyokuwa. Alichokisikia moyoni kuhusu mama yake mzazi kilikuwa chake kabla hajawahi kuisikia sauti ya mpiga pasi, na kitabaki chake. Huenda akakasirika. Ana haki.

Sasa jambo la mwisho, na hili ulishike kuliko yote. Mama mdogo wako amezoea kuuguza watu. Ukimaliza kumsikilizisha utataka kulia, najua, barua yako yote ina machozi. Ukianza kulia, yeye ataacha yake, atakufuta uso, atakuambia "basi, mama, yameisha", na utakuwa umemnyang'anya tena. Kwa hiyo jikaze. Kaa naye, nyamaza, na safari hii mwache alie yeye kwanza.